Harusi ya Kasri la Drumvarroch, Sehemu ya Kumi na Moja: Molasi Mfukoni

Kitasa kilizunguka.

Wiki iliyopita tulimwacha Ishbel MacAskill kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, huko chini kabisa kwenye tumbo la kasri. Koti la shemeji yake mtarajiwa lilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, na karatasi ya ndoa ya mdogo wake ilikuwa mkononi mwake. Naiita karatasi kwa heshima tu. Ilikuwa imegandana na molasi na masizi, manyoya matatu ya kuku yamenata pembeni, na jina la bwana harusi halisomeki hata kwa miwani ya babu. Ndoa ni saa tisa alasiri. Sasa ni saa saba na robo, na mtu anaingia.

Wengi mmeniandikia mkikisia kuwa ni bwana harusi. Si yeye. Afadhali angekuwa yeye.

Aliyeingia ni Mchungaji Jean Abercrombie, joho begani, anatafuta pasi.

"Ishbel, mwanangu. Wenzio wote wako juu wanakunywa, wewe umejichimbia huku?"

Ishbel akaisukuma karatasi chini ya rundo la taulo.

"Natafuta sindano, mchungaji. Pindo limefumuka."

"Pindo gani? Mbona naliona zima." Mchungaji akachomeka pasi ukutani. Mama huyu amezika na kufungisha ndoa bonde hili miaka ishirini na sita, na hajawahi kungoja mtu amalize uongo wake. "Haya, nipe ile karatasi niipitie mapema. Struan, bwana harusi wetu, kaniambia unaitunza wewe."

"Iko kwenye sefu ya hoteli."

"Kaitoe basi."

"Ufunguo anao meneja, na meneja yuko jikoni anagombana na mpishi."

Mchungaji akatandaza joho, akamtazama Ishbel kuanzia nywele mpaka viatu.

"Nikwambie kitu. Mwaka wangu wa kwanza wa uchungaji niliwafungisha ndoa watu wawili kwa ahadi. Karatasi inakuja, karatasi iko njiani, karatasi imesahaulika kwa mjomba. Haikuja mpaka leo, na mimi nusura nisimame kizimbani. Tangu hapo, hata akiolewa malkia, nisipoiona karatasi mezani sifungui mdomo. Saa tisa kasoro dakika tano niione."

"Utaiona."

"Una homa? Jasho linakutoka."

"Ni joto la pasi, mchungaji."

"Pasi bado haijapata moto," akasema mama yule, akalowesha kidole kwa ulimi na kugusa chuma kuthibitisha.

Kwa wale mliokosa gazeti, niwape habari kwa ufupi, kisha tukimbie.

Alhamisi jioni Struan Guthrie, fundi wa kwato za farasi, alitoka kwa msajili mjini na karatasi ya ndoa kwenye mfuko wa koti. Vijana wakamvizia uani kwa mzee Lachlan, baba wa akina Ishbel, kama anavyoviziwa kila bwana harusi huku: ndoo za molasi ya kulishia ng'ombe, masizi ya dohani, unga, manyoya, halafu anafungwa juu ya tela na kuzungushwa kijiji kizima watu wakigonga masufuria. Usipopakwa masizi huku, watu watasema huna rafiki hata mmoja.

Ndoo ya kwanza aliishika Ishbel.

Alimkumbatia Struan kwa nyuma ili vijana wamfunge kamba, na kiganja chake kikagusa bahasha. Struan akapiga kelele, "Si koti, karatasi iko humo!" Lakini masufuria yalikuwa yanalia na trekta inanguruma, na neno lile halikumfikia mtu mwingine ila Ishbel. Alikuwa na nafasi ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Aliimwaga ndoo kabla hajafika mbili.

Baadaye, Struan alipokuwa amekaa kwenye hori la farasi anasuguliwa kwa brashi ya sakafu, akauliza kwa hofu, "Karatasi je?" Ishbel akamjibu, "Ninayo, shemeji. Niliitoa mapema." Fundi wa watu akacheka kwa furaha, povu jeusi likimtoka puani.

Bibi mmoja wa Tanga ameniandikia kwa ukali: huyu Ishbel ni mchawi au ana nini? Hapana, bibi. Mama yao alifariki Ishbel ana miaka kumi na mitano na Morven, mdogo wake, ana tisa. Ishbel ndiye aliyemsuka nywele, akamtia shule, akamfundisha kuendesha trekta. Jumatatu Morven na mumewe wanapanda ndege kwenda Kanada, Struan amepata kazi kwenye ranchi kubwa, hawarudi. Ishbel anabaki na baba na kondoo mia nne. Aliogopa, basi. Struan mwenyewe anampenda, ni kijana mwema, wala hana la kumsema, na hilo ndilo lililomfanya asilale siku mbili.

Mchungaji alipomaliza kunyoosha joho na kutoka, Ishbel aliifunga karatasi kwenye taulo, akapanda mbio mpaka ukumbini, kwenye simu ya hoteli iliyo chini ya kichwa cha paa aliyekaushwa. Dakika kumi na tano alikuwa ameshika mkono wa simu bila kupiga. Mhudumu alimpita mara mbili na trei ya bilauri. Hatimaye akapiga moyo konde, akazungusha namba ya nyumbani kwa Bi Effie Rennie, msajili wa ndoa.

"Nani tena saa ya chakula?"

"Samahani, mama. Ni Ishbel MacAskill, dada yake Morven, yule anayeolewa leo hapa kasri."

"Molasi?" akauliza Bi Rennie.

"Umejuaje, mama?"

"Nimejuaje! Wa tatu huyo tangu nianze kazi. Nawaambia hawa wanaume kila siku: karatasi njoo uichukue siku ya mwisho, uje na koti usilolipenda, ukitoka hapa toka kwa mbio. Unadhani wanasikia? Haya, imelowa au imeliwa?"

"Imeliwa na nani?"

"Ya wa pili ililiwa na mbuzi. Alikwenda kulamba molasi akapitiliza."

"Imelowa tu. Unaweza kuandika nyingine?"

"Binti, leo Jumamosi. Ofisi imefungwa, nina viroleri vya nywele kichwani na kuku mezani nusu amenyonyolewa."

"Mama, nakupigia magoti."

"Utayaumiza bure, sakafu ya hoteli hiyo ni mawe." Bi Rennie akavuta pumzi. Ishbel alisikia kisu kikiwekwa kwenye sinki. "Ufunguo wa ofisi ninao mwenyewe, na majina yao yako daftarini. Nitaandika, nitaileta kwa mkono wangu, maana wewe ukija utakutana na mbuzi. Saa tisa kasorobo nitakuwa hapo. Lakini lazima nijaze sababu. Aliyeiharibu ni nani?"

"Mimi."

"Kwa bahati mbaya," akasema Bi Rennie, akiandika.

Hakuuliza. Alikuwa anaandika tu. Ishbel angeweza kusema neno moja, hapana, na kifua chake kikapata nafasi.

"Kwa bahati mbaya," akaitikia.

Akaweka mkono wa simu chini. Ungetegemea apumue sasa, ndoa imeokoka, hakuna aliyejua. Lakini dhambi si uvundo wa molasi useme utatoka kwa maji ya moto. Akakata shauri aende kwa Morven amwambie yote, kabla hajavaa lile gauni, amtukane, amzabe kofi akitaka, halafu aolewe kwa amani.

Kwenye ngazi za mnara akakutana na baba yake.

Mzee Lachlan alikuwa amevaa sketi ya kiume ya mistari aliyoachiwa na babu yake, imetobolewa na nondo nyuma, na ukosi umemkaba shingo. Alikuwa anaongea peke yake. Alikuwa anakariri hotuba.

"Nisikilize, Ishbel. 'Mabibi na mabwana, leo sipotezi binti.' Ni uongo, siyo? Nampoteza kweli, anakwenda Kanada. Niseme nini?"

"Sema hivyohivyo, baba."

"Watalia."

"Waache walie."

Mzee akamshika mkono, akaufinyafinya. Si kawaida yake. Huyu ni mtu ambaye hata ng'ombe wake huwasifu wakiwa hawapo.

"Struan kaniambia habari ya karatasi. Kwamba usingeitoa mfukoni wewe, leo tungekuwa tumeaibika mbele ya wageni mia na ishirini. Mama yako angekuona leo..." Akakohoa, akageuza uso ukutani. "Haya, nenda kamvishe mwenzio. Tutabaki mimi na wewe, mwanangu. Tutazoea."

Ishbel akapanda ngazi zilizobaki hamsini na mbili. Kila moja ilikuwa nzito.

Chumba cha bibi harusi kiko juu kabisa, hoteli inakiita chumba cha malkia, ingawa malkia yeyote aliyelala humo lazima alikufa kwa baridi. Gauni lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo ya kitanda. Morven alikuwa amekaa sakafuni na shimizi, kiatu kimoja mguuni, kile chenye sarafu ya bahati ambayo kila bibi harusi huku huitia kiatuni, anakula biskuti ya shayiri kavu kama mtu aliyepewa adhabu.

"Umechelewa," akasema. "Nani atanifunga vifungo?"

"Morven, usivae kwanza."

"Kuna nini? Baba?"

"Baba mzima. Ni mimi."

Ishbel akafunga mlango, akaegemea hapohapo. Akafunua taulo, akaiweka karatasi sakafuni kati yao. Morven akaitazama. Akainusa. Akasoma kipande cha jina lake kilichobaki.

"Lakini Struan alisema uliitoa."

"Nilidanganya."

"Hukujua kama iko mfukoni?"

Hapo ndipo pa kuponea, wasomaji wangu. Mlango wa huruma ulikuwa wazi kabisa, mdogo wake kaufungua mwenyewe. Safari hii Ishbel hakupita.

"Nilijua. Niliishika kwa mkono wangu. Alipiga kelele, nikamsikia, nikamwaga." "Sikutaka uondoke. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nimekulea, Morven, na sasa nimekufanyia hivi siku ya harusi yako, na tangu Alhamisi kila mtu ananishukuru. Baba kanishukuru sasa hivi ngazini. Siwezi tena. Nitukane."

Morven hakumtukana. Aliigeuzageuza ile karatasi nyeusi kwa ncha ya kiatu.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "mchungaji hawezi kutufungisha."

"Bila karatasi hafungui mdomo."

"Na ofisi ya msajili haifunguliwi mpaka Jumatatu."

Ishbel akafungua mdomo aseme: lakini Bi Rennie anakuja. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa anautazama uso wa mdogo wake, na uso ule ulikuwa unakunjuka. Mabega yalishuka. Macho yaliyokuwa yamevimba tangu asubuhi yakapata uhai.

Morven akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalia, akatambaa kwa magoti na shimizi lake jeupe, akamkumbatia dada yake miguu.

"Asante," akasema. "Ee Mungu, asante, dada."

"Morven, unasema nini?"

"Wiki tatu sijalala. Wiki tatu! Nampenda, usinifahamu vibaya, nampenda mpaka nashindwa kula. Lakini nikifikiria ile ndege nahisi kama nazikwa. Nikiamka namwona baba anakula peke yake. Nakuona wewe unazalisha kondoo theluji imekufika magotini na hakuna wa kukushikia taa."

"Ungemwambia Struan."

"Nimwambie nini? Kanada ni ndoto yake tangu yuko shule. Vyombo vyake ameviuza, tiketi amekata. Nikisema siendi atabaki, ndivyo alivyo, halafu kila akipiga kwato ya farasi wa mtu hapa atakumbuka kuwa mimi ndiye niliyemfungia mlango. Siwezi kumfanyia hivyo. Bora anichukie mara moja aende zake."

"Na wageni?"

"Waambie karatasi imeharibika. Ni kweli, au si kweli? Waambie ndoa imeahirishwa, wale nyama, wacheze ngoma. Mimi nisimwone tu. Nikimwona uso kwa uso nitasema ndiyo, namjua mimi mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Funguo za gari la baba unazo wewe. Nipe."

Ni kweli alikuwa nazo. Asubuhi ndiye aliyeleta keki kwa Landrova ya mzee, na funguo zilikuwa kwenye kipochi chake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipomkasirikia Ishbel mpaka nikaiacha kalamu nikaenda kuchemsha chai. Ule ukweli mmoja mkubwa alishausema, kishujaa, akilia. Ulibaki ukweli mdogo wa maneno manne: karatasi nyingine iko njiani. Angeusema, Morven angalau angechagua akijua anachochagua. Halafu anamjua mdogo wake vizuri kuliko mtu yeyote. Morven huyu alitapika kabla ya mtihani wa udereva akaufaulu. Alilia siku nzima asiende kambi ya shule, kisha akarudi anaomba apelekwe tena. Huenda ni woga wa siku moja. Huenda si woga. Ishbel alipaswa kuuliza.

Hakuuliza. Kile alichokitaka tangu Alhamisi kilikuwa kimepiga magoti mbele yake kinamwambia asante.

Akafungua kipochi, akatoa funguo.

"Pita ngazi za watumishi," akasema. "Gari liko nyuma ya mazizi. Nenda kwa shangazi, kule Glenarder. Koti la mvua la baba liko mlango wa jikoni, livae, ujifunike na kofia yake. Nitawazuia nusu saa."

"Utamwambia nini Struan?"

"Nitajua mbele ya safari."

Morven akambusu mashavu yote mawili, akachukua viatu mkononi, akapotea. Ishbel akabaki anatazamana na gauni.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika thelathini na tano. Hapo akamkumbuka Bi Rennie. Mama yule akiingia ukumbini na bahasha mkononi, yote yamekwisha. Lazima amwahi nje. Atamwambia nini? Arudi na kuku wake, harusi imeahirishwa, samahani kwa usumbufu. Uongo wa ngapi sasa? Alikuwa ameacha kuhesabu.

Akashuka mbio, akapita katikati ya wageni, akina mjomba wamekwishapata wiski wanaimba, akatoka mlango mkubwa. Uani mpiga zumari alikuwa anaujaza upepo mfuko wake wa ngozi. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, ile ambayo huku hatuiiti mvua.

Kigari cha Bi Rennie kilikuwa tayari kimesimama mbele ya ngazi. Mama mwenyewe alishuka na skafu juu ya viroleri, unyoya wa kuku umemnata mkononi.

"Nimekimbiza gari kama mwizi," akasema. "Nimewahi?"

"Mama, kwa kweli..."

"Chukua." Akambandika bahasha kifuani. "Nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Mkabidhi mmoja wao mkononi, usiiweke chini, usiikaribishe na mnyama yeyote. Nami siondoki bila kipande cha keki, nimeacha kuku wangu kwa ajili yenu." Akaingia ndani kabla Ishbel hajapata neno.

Bahasha ilikuwa nyeupe, kavu, ina majina mawili. Ishbel akaishika kwa ncha za vidole. Kulikuwa na pipa la taka pembeni ya mlango wa jikoni, hatua ishirini. Alizihesabu kwa macho. Miguu ikakataa.

"Shemeji!"

Struan alikuwa anashuka ngazi, amependeza, sketi ya mistari ya ukoo wake na soksi nyeupe, nyuma ya sikio bado kuna weusi ambao brashi haikuuona. Alinukia sabuni na, kwa mbali, molasi.

"Bi Rennie ananiambia ameleta karatasi mpya. Anasema ile ya kwanza iliharibika."

"Struan, nilitaka kukwambia..."

"Na wewe ukampigia simu mwenyewe, ukamtoa nyumbani Jumamosi, usinitie wasiwasi mimi wala Morven." Akaichukua bahasha mkononi mwake, taratibu, akaibusu. Macho yalikuwa yanamlengalenga. "Sina dada, unajua. Kuanzia leo ninaye."

Ishbel alitamani ardhi impasukie.

"Usinishukuru. Nakuomba usinishukuru."

"Basi nikupe siri badala ya shukrani, maana nimeshindwa kukaa nayo." Akatazama nyuma kama kuna anayesikiliza, akainama. "Nilipanga nimwambie Morven tukishanywea kikombe kimoja cha ndoa mbele ya watu, niuone uso wake. Usimwambie."

"Siri gani?"

"Hatuendi Kanada."

Ishbel akamkazia macho.

"Niliwapigia simu wale wa ranchi jana asubuhi, nikawaambia watafute fundi mwingine. Jumatano nilipita zizini kwenu nikamkuta Morven anaaga kondoo. Mmoja mmoja, kwa majina, analia. Nikarudi kinyumenyume asinione." Akacheka kidogo, kwa haya. "Mimi ni fundi wa kwato, shemeji. Kwato ziko popote. Yeye yuko mahali pamoja tu."

"Lakini ni ndoto yako. Tangu shule."

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Hata kuwa mwanaanga nilitaka." Akamtazama vizuri. "Mbona umebadilika rangi? Nilidhani utafurahi kuliko wote."

Alichokuwa anakitaka Ishbel kilikuwa chake tangu jana asubuhi, bila molasi, bila uongo, amepewa bure na kijana huyu, na yeye ndiye aliyetoa funguo.

Aliisikia kabla ya kuiona. Landrova ya mzee Lachlan ina ekzosi iliyotoboka, na hakuna mtu bonde hili asiyeijua sauti yake. Ilitokea nyuma ya mazizi, ikashuka kwenye njia ya chini, ikaelekea geti. Nyuma ya usukani kulikuwa na koti kubwa la mvua na kofia iliyoshushwa mpaka puani.

Ishbel akapiga hatua moja ngazini. "Mor..." akaita. Mpiga zumari alikuwa ameanza.

Struan naye akageuka.

"Nani huyo anaondoka na gari la mzee saa hii?" akauliza. Hakungoja jibu. Akainua bahasha juu, akalipungia lile gari huku akicheka, kama tunavyompungia kila anayepita bonde hili, tunamjua hatumjui. Gari likapita geti, likakata kulia.

Nyuma yao mlango mkubwa ukafunguliwa. Mchungaji Jean Abercrombie akatoka na joho lake lililonyooka, miwani puani. Akaiona bahasha, akaipokea kwa Struan, akaifungua, akasoma mstari kwa mstari mpaka chini. Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Haya, karatasi imetimia, sina neno tena," akasema. "Ishbel, kamlete bibi harusi."